Nduguze Haradali Katika Milima ya Appalachia

Katika misitu ya mabonde yenye rutuba ya milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, na hasa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains iliyokalia mpaka wa majimbo ya Tennessee na North Carolina, majira ya machipuko huandamana na maua meupe ya mimea miwili inayofanana kiasi kwamba mpita njia huihesabu kuwa mmoja. Wa kwanza ni Cardamine diphylla na wa pili ni Cardamine concatenata, na yote miwili ni ya familia ya Brassicaceae, yaani ukoo wa haradali, ambao ndio huo huo unaowapa Waafrika Mashariki sukuma wiki, kabichi na figili. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1934, hupanda kutoka chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari hadi mita 2,025 kwenye kilele cha Kuwohi, na kwa kuwa ina spishi zaidi ya 1,500 za mimea itoayo maua, mji wa Gatlinburg ulio mlangoni pake umekuwa tangu mwaka 1951 kituo cha ziara ya kila mwaka ya kutazama maua ya porini. Washiriki wa ziara za namna hiyo hukutana na mimea hii miwili mapema, tena mara nyingi kwenye mteremko mmoja, na hapo ndipo ubishi unapoanza.

Chanzo cha ubishi ni ua lenyewe, ambalo jicho hulikimbilia kwanza ilhali ndilo lenye habari chache kuliko viungo vyote vya mmea. Mkulima yeyote aliyeiacha sukuma wiki yake ikarefuka na kuchanua ameliona umbo la ua la ukoo huu: petali nne, yaani vile vipande vyenye rangi vinavyolizunguka ua, zimekaa msalaba, na katikati yake mna stameni sita, yaani vikonyo vibebavyo chavua, ambazo nne ni ndefu na mbili ni fupi. Mpangilio huo hufaa sana kumwambia mtu kwamba yuko ndani ya familia ya haradali, lakini hauwezi kumpeleka mbali zaidi. Kwa diphylla na concatenata kipimo ni kimoja: petali ni nyeupe, huingia waridi hafifu kadiri ua linavyozeeka, urefu wake ni kama sentimita moja hadi moja na nusu, na maua hukaa katika kishada kilegevu kwenye ncha ya shina lisilozidi sana urefu wa goti. Wapiga picha wengi hupotezea ushahidi hapa, kwa kuwa huisogeza kamera mpaka ua likajaa picha nzima na majani yakabaki nje, na mtaalamu anayeletewa picha hiyo, hata awe bingwa, hana la kusema isipokuwa kwamba ni Cardamine.

Kitambulisho kimo katika majani ya shina. Shina la diphylla hubeba, karibu na katikati yake au juu kidogo, majani mawili yanayotazamana, yanayochomoza kwenye kifundo kimoja au kwenye vifundo viwili vilivyokaribiana mno, na neno kifundo hapa lina maana ya ile sehemu ya shina ambapo jani huota. Kila jani limegawanyika katika vipande vitatu vilivyo kamili, kila kimoja kikiwa kipana, chenye umbo la yai lililochongoka kidogo, na kingo zake zina meno butu. Shina la concatenata, kinyume chake, kwa kawaida hubeba majani matatu yaliyolizunguka kwenye kifundo kimoja, na kila jani limechanwa kwa kina, karibu kufika kwenye kikonyo, likawa vipande vitatu hadi vitano vyembamba na virefu, vyenye meno makali yasiyolingana. Aliyeyaona majani hayo mawili yakiwa yamelazwa kando kwa kando hawezi tena kuyachanganya, na ni vigumu kuamini kwamba maua yaliyo juu yake ni ya namna moja.

Hata hivyo hesabu ya majani peke yake ni ushahidi dhaifu, na miongozo mingi ya mfukoni huitegemea kupita kiasi. Si ajabu kukuta shina la concatenata lenye majani mawili tu, au shina la diphylla ambalo majani yake yameachana kidogo badala ya kutazamana, kwa hiyo mtazamaji makini huuliza kwanza juu ya upana wa vipande ndipo ahesabu majani. Baada ya hapo hupitisha lenzi ya mkononi kwenye sehemu ya juu ya shina, chini kidogo ya kishada cha maua, ambapo concatenata huwa na vinywele vifupi na diphylla huwa laini bila unywele wowote. Kisha huinama na kutazama chini, palipo na majani ya msingi, yaani yale yanayoota moja kwa moja kutoka ardhini bila kupitia kwenye shina la maua: diphylla huwa nayo, nayo yanafanana kwa umbo na yale ya shina, ilhali concatenata iliyochanua kwa kawaida haina jani la namna hiyo.

Tofauti iliyo wazi kuliko zote imefukiwa. Mimea yote miwili huishi miaka mingi kwa msaada wa rizomu, yaani shina linalotambaa chini ya ardhi na kuhifadhi chakula, la aina ambayo kila jikoni inaijua kupitia tangawizi. Rizomu ya diphylla ni ndefu, nyeupe, yenye unene unaokaribia kulingana toka mwanzo hadi mwisho, na juu yake mna vinundu vilivyochongoka ambavyo wazee wa Ulaya, katika mimea ya jamii hii iliyoota kwao, waliviona kuwa meno na kuvitumainia kutibu maumivu ya meno. Rizomu ya concatenata ni tungo la vipingili vilivyonona, vilivyobanwa kati ya kimoja na kingine mithili ya ushanga, na hukatika kirahisi mno mtu anapojaribu kuichimbua. Ni sifa nzuri sana katika chumba cha mimea iliyokaushwa, ambako sampuli zimekwisha kukusanywa kwa kibali, lakini ndani ya hifadhi ya taifa kuchimbua mmea ni kosa la kisheria, na hata nje yake mtu anayeung'oa mmea wa miaka mingi ili ajue jina lake amelipia jina hilo bei kubwa kupita thamani yake.

Kalenda nayo hutoa ushahidi. Concatenata ni miongoni mwa mimea ambayo wanaikolojia huiita ya muda mfupi ya machipuko: hutokeza juu ya ardhi wakati miti mikubwa ya milima hiyo bado haijatoa majani na mwanga wa jua unafika sakafuni bila kizuizi, huchanua kuanzia Machi katika sehemu za chini, huzaa, na kabla ya kiangazi kushika kasi majani yake huwa yamekwisha kuwa ya manjano na kutoweka, ikabaki rizomu peke yake hadi mwaka unaofuata. Diphylla huchanua kwa kuchelewa kidogo, na juu milimani maua yake huweza kuonekana hata Mei inapokaribia kwisha. Jambo la pekee kwake ni kwamba hutoa majani mapya ya msingi katika majira ya mapukutiko, wakati miti inapoangusha yake, na majani hayo, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya zambarau upande wa chini, hukaa kijani upande wa juu katika kipindi chote cha baridi. Kwa hiyo anayepita msituni mwezi Januari na kukuta jani la vipande vitatu vipana likiwa hai juu ya takataka za majani makavu anaweza kuiondoa concatenata kwenye orodha yake bila kungoja ua lolote.

Kama mambo yangeishia hapo, kazi ingekuwa nyepesi. Katika misitu hiyo hiyo, hata hivyo, kuna Cardamine angustata, ambayo kwenye shina hubeba majani mawili kama diphylla lakini vipande vyake ni vyembamba vikikaribia vya concatenata, huku majani yake ya msingi yakiwa na vipande vipana visivyofanana kabisa na vya shina. Kutofanana huko kwa juu na chini ndiko huifichua. Kaskazini zaidi kuna mmea uitwao Cardamine maxima, ambao wataalamu wengi huuona kuwa chotara wa diphylla na concatenata, nao kweli umekaa katikati ya wazazi hao kwa karibu kila sifa: majani yake matatu hukaa kwa kupishana kwenye shina badala ya kukutana kwenye kifundo kimoja, na vipande vyake si vipana sana wala si vyembamba sana. Mmea wa namna hiyo huweza kuenea bila kutegemea mbegu, kwa kuwa kipingili cha rizomu kinatosha kuanzisha shina jipya. Uzi unaotenganisha spishi hizi mbili, ambao vitabuni huchorwa ukiwa umenyooka, porini una mafundo.

Aliyeutenga uzi huo kwa majina yanayotumika leo alikuwa Mfaransa André Michaux, aliyezaliwa mwaka 1746 na kutumwa Amerika Kaskazini mwaka 1785 na serikali ya mfalme wa Ufaransa ili atafute miti na mimea itakayofaa kupandwa kwao. Alipanda milima ya Carolina mara kadhaa, akakusanya sampuli ambazo hadi leo zimehifadhiwa Paris, na kitabu chake kiitwacho Flora Boreali-Americana, kilichochapishwa mwaka 1803, ndimo mimea yote miwili ilimopewa majina hayo: diphylla kwa sababu ya majani yake mawili, na concatenata kwa sababu ya rizomu yake iliyoungana vipingili. Michaux mwenyewe hakukiona kitabu hicho kikitoka, kwani alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa Madagaska, upande huu wa Bahari ya Hindi, alikokwenda kuendelea na kazi ile ile ya kukusanya mimea. Ni vigumu kutomstahi mtu aliyeona, bila darubini ya kisasa wala maabara, kwamba maua hayo yanayofanana yamebebwa na mimea miwili, na akachagua kuupa kila mmoja jina kutokana na kiungo ambacho hakina uhusiano wowote na ua.

Michaux hakuiita Cardamine bali Dentaria, jenasi ambayo mwanabotania Linnaeus aliitambua mwaka 1753 kwa ajili ya mimea ya ukoo huu yenye rizomu nene na majani machache ya shina; jenasi, kwa maelezo mafupi, ni kundi la spishi zinazohesabiwa kuwa na asili ya karibu. Wanabotania walivutana kwa muda mrefu kuhusu kama Dentaria ni jenasi inayojitegemea au ni tawi la Cardamine, na pigo kubwa kwa upande wa kwanza lilitolewa mwaka 2000, pale Patrick Sweeney na Robert Price walipochapisha uchunguzi wa DNA ulioonyesha kwamba Dentaria za Amerika na zile za Ulaya hazikutoka kwenye shina moja. Rizomu nene, kumbe, ilizuka zaidi ya mara moja. Tangu hapo vitabu vingi vimezirudisha zote ndani ya Cardamine, jenasi pana iliyotapakaa duniani na yenye wawakilishi wake hata katika milima ya Afrika Mashariki, ambako Cardamine africana huota kwenye kivuli chenye unyevu cha misitu ya milimani, nayo pia ina majani ya vipande vitatu. Msomaji anayepanda Kilimanjaro anaweza basi kukutana na jamaa wa diphylla kabla hajauacha ukanda wa msitu, ingawa maua ya jamaa huyo ni madogo na wapagazi wenye haraka hawana sababu ya kuyatazama.

Ukali wa haradali umo katika mimea yote hii. Ndani ya seli zake mna kemikali ziitwazo glukosinolati, na mbali nazo kidogo, zimetengwa, mna kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Jani au rizomu ikitafunwa, viwili hivyo hukutana na kuzaa mafuta makali yanayopanda puani. Wairoquois walikula rizomu za diphylla zikiwa mbichi kwa chumvi au zikiwa zimechemshwa, na Wacherokee, ambao milima ya Great Smoky ni sehemu ya nchi yao ya asili, waliyapika majani yake kama mboga na kuitumia rizomu kama dawa ya mafua na ya maumivu ya kichwa. Kwa wadudu wengi ukali huo ni onyo. Kwa vipepeo weupe wa jenasi ya Pieris ni mwaliko, kwa sababu viwavi wao wameumbika kuuhimili, na majike huitambua mimea ya kutagia kwa kuonja kemikali hizo hizo kwa miguu.

Miongoni mwao yumo Pieris virginiensis, kipepeo wa misitu ya Appalachia na ya kaskazini yake, aliyeelezwa kisayansi na William Henry Edwards mwaka 1870. Huyu huruka majira ya machipuko tu, huzaa kizazi kimoja kwa mwaka, huepuka kuvuka maeneo ya wazi yasiyo na miti, na hutaga yai moja moja juu ya diphylla au concatenata. Kiwavi wake ana wiki chache tu za kula kabla hajageuka pupa, hali ambayo atakaa nayo hadi mwaka mwingine, na wiki hizo zinashindana na unyaukaji wa majani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 katika jarida la Ecology ulieleza jinsi anavyobanwa pande mbili, na baridi inayomzuia jike kuruka na kutaga, na mmea unaokauka kabla ya kiwavi kushiba. Hapo ndipo kuijua tofauti ya mimea hii miwili kunapoacha kuwa burudani ya watazamaji maua: concatenata hutoweka mapema, kwa hiyo yai lililochelewa likiwekwa juu yake lina nafasi ndogo kuliko lililowekwa juu ya diphylla, na anayepima hali ya msitu kwa ajili ya kipepeo huyu akiandika tu kwamba ameona Cardamine nyeupe, ameacha nje habari aliyotumwa kuileta.

Mmea wa tatu wa ukoo huo huo umeikoroga hesabu hiyo. Alliaria petiolata, wenye maua madogo meupe na harufu ya kitunguu saumu, uliletwa na walowezi kutoka Ulaya, ukarekodiwa mara ya kwanza huko Long Island, New York, mwaka 1868, na tangu hapo umeingia katika misitu mingi ya mashariki mwa Marekani. Jike la Pieris virginiensis huonja glukosinolati zake, huamini amefika, na kutaga, lakini mmea huo una sumu nyingine ambazo kiwavi wake hazimudu. Samantha Davis na Don Cipollini wa Chuo Kikuu cha Wright State, jimboni Ohio, walichapisha mwaka 2014 matokeo yanayoonyesha kwamba viwavi walioanguliwa juu yake hufa. Kila yai linalotagwa hapo limepotea, hata kama diphylla iliyo nzima imesimama hatua mbili kando.

Ndiyo maana katika misitu mingi watu wa kujitolea hutoka mapema kila mwaka kung'oa mmea huo mgeni, na kazi yao ina mtego wake. Alliaria huishi miaka miwili, na katika mwaka wake wa kwanza hukaa chini kama fungu la majani yasiyochanua, yanayobaki kijani wakati wa baridi, kipindi ambacho majani ya msingi ya diphylla nayo yako hai kwenye sakafu ile ile ya msitu. Jani la mgeni ni zima, la mviringo unaokaribia umbo la figo, lenye kingo za mawimbi na harufu ya kitunguu saumu likifikichwa. La diphylla lina vipande vitatu. Kwa hiyo katika mwezi wa Februari, wakati hakuna ua hata moja la kusaidia, mng'oaji anatakiwa kuhesabu vipande vya kila jani kabla ya kuvuta, na concatenata, ambayo wakati huo bado imelala chini ya ardhi, haimo katika hatari ya mkono wake ila ya kiatu chake mwezi unaofuata, vichipukizi vyake vinapoanza kutoboa udongo.